Mkanda wa Mlango wa Jikoni

Mtu akikuambia fundi wa milango ameshindwa na mlango ambao hata paka hapiti, utacheka. Na watu walimcheka Fundi Kona, tena mbele yake. Mzee mzima amejikunja barazani mchana kutwa juu ya nyumba ya midoli, anajaribisha vijiti kuzunguka kitundu cha mlango, anavitoa, anavitupa, anaguna. Jirani yake, mshona viatu, alimuuliza wapangaji wanahamia lini. Fundi akaokota kijiti kingine. Hakuwa na mate ya kupoteza.

Nyumba ile haikuwa ya mjukuu wala ya kuuza. Ilikuwa ya mkewe.

Mkewe alikuwa anasahau. Alianza na mambo madogo, kutia chumvi mara mbili, kutafuta miwani iliyo usoni, mambo ambayo sisi sote tunayafanya na tunachekana. Halafu akaanza kusahau kwamba waliokufa wamekufa, akawa anawawekea chakula. Mwisho ukaja huu wa kutaka kwenda nyumbani. Ikifika alasiri anasimama, anajifunga kitambaa kichwani, anakwenda mpaka mlango wa jikoni wa hapo walipopanga, anapitisha kidole kwenye fremu, juu chini, juu chini. "Si huu," anasema. Kisha anamgeukia mumewe, kwa adabu zake zote, anamwambia wamekaa sana kwa watu, sasa warudi kwao.

Kwao hakupo. Ile nyumba Fundi aliijenga kwa mikono yake, wakalea watoto ndani yake mpaka wakaota ndevu, halafu barabara kuu ikapanuliwa na nyumba ikabomolewa. Mwanzoni alikuwa anamweleza ukweli. Mama wa watu anashika kinywa, analia kama habari imefika leo, na kesho alasiri anauliza upya. Fundi akaacha kumweleza. Kumpa mtu msiba uleule kila siku, hata adui yako humfanyii.

Sasa siku moja, Fundi akiwa anaoga, mke akafungua geti akaenda zake. Walimkuta katikati ya barabara kuu, malori yanampigia honi kushoto na kulia, yeye ametulia tuli kama anasubiri maji yachemke. Watu wakasema bibi kapotea. Kapotea wapi, jamani? Alikuwa amesimama palepale palipokuwa jikoni kwake, ila pamemwagwa lami.

Binti yao mkubwa, anayeishi mji wa mbali, alipopata habari alipiga simu. Asije mtu akamfikiria vibaya huyo binti, alilia kuliko wote. Alisema anakuja Jumamosi kumchukua mama yake. Kwake ni ghorofani, mlango una kufuli, na ameshapata mtu wa kukaa naye mchana. "Baba," alisema, "nikipigiwa tena simu ya barabarani, itakuwa ya kuniambia njoo tuzike." Hapo utajibu nini? Fundi aliuliza kama na yeye anaweza kwenda. Binti akasema nafasi ni ndogo, baba atakuwa anakuja kumwona mama. Fundi akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba simu ina macho.

Lakini alijua yatakayofuata. Dada yake mkewe alikuwa amesafiri muda mfupi tu, na aliporudi alikaribishwa kama mgeni, akaulizwa ametokea wapi na watoto hawajambo. Mtu asiyeonekana, kwa mama huyu, alikuwa anafutika. Akikaa kule ghorofani mwezi mmoja, Fundi naye amekwisha. Atakuwa mzee fulani aliyekuja na matunda. Hilo ndilo lililokuwa linamnyima usingizi, na wala hakuwa na wa kumwambia, maana mzee akisema anaogopa kusahauliwa na mkewe, watu humwona anadeka.

Wazo la nyumba ya midoli lilitokana na kazi. Mteja mmoja alikuwa ameagiza ya mwanawe, na Fundi alipoimaliza akaiweka mezani ikauke rangi. Mkewe akakaa karibu nayo, akapitisha kidole dirishani, akaitazama hadi jua likazama. Alasiri ile hakuuliza habari za kwenda nyumbani. Fundi aliliona hilo, akalishika kama anayezama anavyoshika jani. Akampigia binti simu. Akamwomba kitu kimoja: Jumamosi akifika, asubiri alasiri. Akimkuta mama yake anataka kwenda nyumbani, amchukue. Akimkuta ametulia, amwachie. Binti akakubali, kwa sauti ile tunayowakubalia watoto.

Basi Fundi akaijenga upya nyumba yao, ndogo ya kutosha mezani. Kuta za plaiwudi, paa la kufunuliwa, sebule, korido, vyumba viwili, jiko nyuma. Hayo yote hayakumsumbua. Madirisha aliyatoboa huku anapiga mluzi. Alipofika kwenye milango, mluzi ukakauka.

Kuna ule ubao mwembamba unaopigiliwa kuizunguka fremu ya mlango, unaoficha ufa uliobaki kati ya mbao na ukuta. Fundi aliuita mkanda. Mkanda ndio uliompa jina. Wenzake walipigilia ubao mtupu, yeye akachonga urembo, na pale pembeni vipande viwili vinapokutana, kwenye kona, hata unywele haukupita. Wageni waliingia kwake wakasahau hata salamu, wakaenda kwanza kupapasa mlango. Kwa hiyo mkewe aliposugua fremu ya hapa pa kupanga na kusema si huu, Fundi alijua moja kwa moja anachokitafuta. Anatafuta mkanda wangu, alijiambia, na pamoja na dhiki yake yote akajisikia raha kidogo.

Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakukumbuka ulikuwa mkanda upi. Cheka, una haki. Katika maisha yake alichonga kamba iliyosokotwa, akachonga maua, akayapeleka kwenye nyumba za watu zisizo na idadi, na sasa zote zilikuwa zimechanganyika kichwani. Alichonga kamba ndogo kwa vipimo halisi, akaipunguza sawasawa kama sheria ya kazi inavyotaka. Alipoipaka vanishi ikatoweka, ikabaki ubao laini. Akachonga tena, akachimba zaidi ya kipimo, ikatokea nene utadhani ya kufungia mbuzi. Maua nayo yakafanana na vidonda. Kila kipande alikishikiza kwa gundi kidogo, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akakibandua. Baraza lote likajaa vijiti.

Akamwuliza mkewe. Ilikuwa kamba? Ndiyo, akasema mkewe. Au maua? Ndiyo. Ungemwuliza kama ilikuwa mifupa ya samaki, angesema ndiyo, maana alikuwa mwanamke mwenye heshima zake na aliona mtu huyu ana shida. Fundi akampigia mdogo wake, aliyeishi nao enzi zile. Mdogo mtu akamjibu kwamba yeye alikuwa anakuja kula, hakuja kukagua milango.

Ijumaa patasi ikamteleza, akajikata. Alikaa chini katikati ya vijiti vyake akalia, kwikwi za mtu mzima, na mshona viatu aliyekuwa anapita akainamisha kichwa akapita upesi. Alipomaliza kulia alichagua kamba. Hakuwa na sababu ya maana. Kamba ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Akaibandika milango yote, na kwa kuwa alitaka nyumba ya mkewe iwe nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, akaibandika pande zote mbili, mbele na nyuma, sebuleni na jikoni, asije mama wa watu akakuta upande mtupu.

Jumamosi binti akafika na begi tupu la nguo za mama yake mkononi. Akampangia nguo, akaliweka begi karibu na mlango. Wakakaa watatu wanakunywa chai. Alasiri ilipoingia, mama akasimama, akajifunga kitambaa.

Fundi akaileta nyumba mezani. Akafunua paa. Akasema karibu nyumbani.

Mkewe akainama. Akatazama sebule, akatazama kamba mlangoni, kwa ustaarabu, kama mtu anavyotazama sebule ya jirani. "Nzuri," akasema. "Ya nani?"

Mama akazunguka meza, akafika upande wa jikoni, akaingiza kidole, akakiweka pembeni mwa mlango wa jikoni. Akasugua juu, akasugua chini, juu ya ile kamba iliyomtoa mumewe damu. Akatoa kidole. "Si huu," akasema, na akaenda kulishika begi. "Twendeni. Giza litatukuta kwa watu."

Binti akageukia ukuta. Fundi alikuwa hana tena haya wala uzee, alishika kipande cha maua akamfuata mkewe nacho, anamwomba. Ni kamba hiyo isiyofaa? Abandike maua? Atabandika sasa hivi. "Niambie mlango wako ulikuwaje, mama watoto. Niambie tu."

Mkewe akamtazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu mzima asiyejua kufunga kamba za viatu.

"Wangu una ufa," akasema.

Fundi hakuelewa. Aliyeelewa ni binti, na alilisema bila kugeuka, uso ungali ukutani. Upande wa jikoni baba hakuwahi kuweka mkanda. Mama alikuwa anachomeka vitu vyake pale kwenye ufa, sindano, njiti za kiberiti, kitana cha kuwachania watoto nywele asubuhi. Hata usiku umeme ukikatika alikuwa anapitisha kidole tu, anapata anachotaka.

Mganga hajigangi, tunasema, halafu tunacheka. Fundi hakucheka. Mafundi wote hufanya hivyo, urembo huwekwa upande wa wageni, na upande wa nyuma husubiri. Mwaka wa kwanza mkewe alimwomba amalizie jikoni, akamwambia kesho. Mwaka wa pili akaomba tena, kesho. Halafu hakuomba tena, na Fundi akadhani ameridhika. Miaka yote ile yeye aliingia kwa mlango wa mbele, akakaa sebuleni akitazama mkanda wake, chakula kikamfuata. Mlango wa jikoni aliujua kwa mbele tu. Mwenzake aliishi nyuma yake. Aliona aibu, aibu ya kutaka ardhi ipasuke.

Akachukua patasi. Akaichomeka chini ya ile kamba ya upande wa jikoni akainua. Gundi ilikuwa imeshika, ubao ukalia, ukavunjika, ukaondoka na ngozi ya plaiwudi. Kilichobaki ni fremu iliyo uchi na pembeni yake ufa mbaya, umepinda, una mabaki ya gundi. Kazi ambayo mwanafunzi wake angeifanya, angemfukuza.

Mkewe akaliachia begi. Akarudi mezani polepole, akaingiza ukucha kwenye ufa, akaupitisha juu, akaupitisha chini. Kisha akachomoa pini kwenye kitambaa chake, akaichomeka pale. Ikakaa. Akavuta kiti, akakaa, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo.

"Nimefika," akasema.

Binti akapiga magoti sakafuni, akafungua begi, akaanza kutoa nguo za mama yake moja moja na kuzirudisha kabatini. Fundi alielewa kwamba ameachiwa. Akapiga magoti kando ya kiti cha mkewe, akamshika mkono, akaubusu ule mkono, akamwambia hawaendi popote, watakaa hapa, wao wawili, mpaka Mungu atakapotaka.

Mkewe akautoa mkono wake taratibu. Hakukasirika. Alimtazama na nywele zake zilizojaa vumbi la mbao, na akatabasamu kwa upole kabisa.

"Kazi nzuri, fundi," akasema. "Mungu akubariki. Lakini sasa nenda. Mume wangu yuko njiani anarudi, na si vizuri akukute humu ndani."

Binti akasimama na nguo mkononi. Alitaka kusema kitu, baba yake akamzuia kwa jicho.

"Haya, mama," akasema Fundi.

Akaokota patasi yake, akajikung'uta magoti. Akatoka, akaurudishia mlango nyuma yake bila kelele, akakaa kwenye ngazi ya nje kusubiri jioni ifike, ili abishe hodi.