Niliona Inameza Kazi, Nikasema Iko Muzuri

Kosa ni langu, silifichi. Lakini sikulifanya peke yangu, na Védaste akisoma hii, asome tu!

Mi nilifika darasa la tatu. Mwaka ule wa mauaji, munaoujua, uliniachia mutu mumoja: Josiane, binti ya kaka yangu. Nilikuwa nafagia chumba cha kompyuta pale Nengo, hapa Gisenyi. Mwenye chumba ni Védaste, alirudi kutoka Uganda. Alimupa Josiane kiti asome kompyuta bure. Bure!

Bon. Védaste alikuwa na programu moja ya kuandikia programu zingine. Alisema watu wa dunia nzima wanaitengeneza pamoja na kuigawa bure, na kila mwenye kuijaribu anawaandikia ubaya wake, ili wairekebishe. Akaniambia, "Mama, we haujasoma, ndiyo maana nakutaka. Piga-piga humo, ukiona ubaya sema."

Nikapiga-piga. Bosco, mwalimu wa pale, akacheka: "Angalieni, fagio imekuwa injinia!"

Nikaandika, nikahifadhi. Umeme ukakatika, si munajua wa kwetu. Uliporudi nikafungua: kweupe! Nikarudia, ukakatika tena: kweupe! Hata ya jana yamemezwa. Bosco aliona. Akainua mabega, akatoka.

Védaste akaingia na wageni wa Kigali. "Mama, iko namna gani?"

Kwetu mutu akikupa ng'ombe, hausemi mbele ya watu kwamba inachechemea. Na mutoto wangu amekaa kwenye kiti chake! Nikasema, "Iko muzuri sana!" Wakapiga makofi. Védaste akawaandikia wenzake wa mbali: imejaribiwa Gisenyi, haina neno.

Donc Josiane akaiamini. Akaandikia humo programu ya kupangia dawa za dispanseri. Wangeipenda, wangemupa kazi. Umeme ukaenda usiku, na kesho yake ndiyo alikuwa aende kuionyesha.

Alinikuta napiga deki. "Tantine, yote imekuwa nyeupe." Kisha akaniangalia uso. "Ulijua?"

Yoo! Nikainamia ndoo, nikakamua tambara.

"Ungeniambia hata nyumbani, tukiwa wawili."

Neno hilo halinipi pa kukaa. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea mpaka barrière, pale pa kuvukia Congo. Josiane aliniacha, sasa iko Goma, ng'ambo tu hapo, mabati ya nyumba zao nayaona. Haniamkii.

Nilimubana Védaste mpaka akaandika ukweli. Jibu likaja: asante sana, huo ubaya tulikuwa tunautafuta, tumeurekebisha. Asante! Kumbe wale walikuwa wanangoja waambiwe ng'ombe yao inachechemea!

Wenzangu, mukiombwa kujaribu kitu cha mutu, semeni ubaya wake, hata kama amewalisha. We Bosco, mabega yako hayakusaidia mutu. Na we Védaste, maskini haulizwi mbele ya wageni.

Programu imepona. Kiti cha Josiane nakipangusa vumbi kila asubuhi, na hakuna mutu aliyekikalia.