Fundi wa Simu wa Kimumu

Kabla ya kufungua simu yoyote, fundi huyo wa mtaa wa Kimumu huipima kwanza kiganjani, kisha huibana kwa vidole gumba asikie kama mwili wake utalia. Ya chuma hunyamaza. Ya plastiki hulia kidogo, lakini ikianguka huokotwa ikiwa nzima. Ile ya kioo mbele na nyuma humrudishia mwenyewe akimwambia, “Hii usiende nayo kukamua ng’ombe.” Anazozipenda ni zile za skrubu. Za gundi huzipasha moto polepole, akinung’unika kwamba aliyeziunda hakutaka zifunguliwe tena.

Ijumaa moja mwaka wa 2013, siku tatu kabla ya uchaguzi, majirani zake walikuwa wakifunga vibanda na kupakia mizigo, wakihofia vurugu. Kimeli, mkulima wa Chepsaita, alimletea simu iliyopasuka kioo, lakini akasita kuiachilia.

“Mama, na wewe si utaenda kama hawa?”

Vidole vya fundi vilitulia juu ya meza. “Kule Burnt Forest nilikimbia vita vya uchaguzi, 2008. Kibanda kiliungua na simu za watu kumi na wanne ndani. Nilitafuta wenyewe mmoja mmoja, nikiwaambia.” Akanyoosha mkono. “Safari hii siendi. Kuja Jumatano.”

Kimeli akamwachia.

Jumatano kura zilikuwa bado zinahesabiwa, na vibanda vyote vya safu ile vilikuwa vimefungwa. Saa mbili kasorobo asubuhi, fundi alifungua mlango wake na kuutegemeza kwa jiwe, ukabaki wazi.