Mtu wa Upande Wangu

Nakumbuka jioni ambayo Dadi, mama wa baba yangu, alimzuia mume wangu mlangoni kwake Bondeni na kumuuliza, "Wewe ni nani, kijana?" Mwanangu, kijana huyo alikuwa mjukuu wake. Alikuwa amemlea kwa mikono yake.

Acha nirudi nyuma kidogo. Mimi na mume wangu, Yusuf, ni watoto wa ndugu wawili, waliouza vitambaa katika duka moja hapa Nakuru. Kwetu hilo halikuwa jambo geni. Hata baba na mama yangu walikuwa binamu. Shida ilionekana siku ya harusi tu, maana watu hawakujua wakae upande gani. Shangazi yetu alihamahama na sahani ya biriani akilalamika, "Jamani, mimi ni wa nani leo?" Tulicheka sana. Dadi hakucheka. Alivuta kiti chake hadi upande wangu, akasema, "Yusuf ana watu wa kutosha. Mimi ni wa msichana."

Tulidhani ni utani.

Baadaye tuligombana, na Yusuf kwa hasira akaniambia nirudi kwetu. Kwetu wapi, na kwetu ndiko kwao? Nilikwenda kwa mama, naye akashika kichwa. "Nitamwambia nini baba yako mkubwa? Yusuf ni mtoto wetu. Rudi tu." Basi nikaenda kwa Dadi.

Yusuf alinifuata, mvua ikinyesha.

"Dadi, ni mimi! Wacha mchezo, nanyeshewa."

"Mjukuu wangu namjua. Wewe ni mume wa huyu msichana. Sema ulichomwambia."

Akasema yote, maji yakimchuruzika kwenye koti. Alipomaliza, hapakuwa na wa kumtetea, akaniomba msamaha. Ndipo Dadi akampa taulo na chai. Maneno yale ya "rudi kwenu" Yusuf hakuyarudia maisha yake yote.

Siku hizi mimi ndiye Dadi. Mjukuu wangu Salma anataka kuolewa na binamu yake Imran. "Si hata wewe uliolewa hivyo?" ananiambia. Ni kweli, na sijutii.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipenda mtu wa damu yako, nendeni kwanza kwa daktari mpimwe, mjue watoto wenu wanaweza kurithi nini. Halafu kuna lile ambalo daktari hapimi. Kabla ya harusi, tafuta mtu mmoja katika ukoo atakayekuwa wako peke yako, hata kama anampenda mwenzako. Asipopatikana, subiri. Mungu akupe nyumba yenye amani, na mlango wa kubisha amani ikipotea.

Salma ameniomba mimi niwe mtu huyo. Lakini Imran nimemlea mimi, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na kila nikijaribu kumwona amesimama nje kwenye mvua, mkono wangu unakwenda kwenye komeo kumfungulia. Salma anasubiri jibu. Bado sijampa.