Pete Katika Mstari wa Saba

Ukiingia banda la sampuli, amri ya kwanza ubaoni ilikuwa hii: hakuna kuvaa dhahabu. Si pete, si hereni, si mkufu. Udongo wa mlimani ulipelekwa maabara kupimwa kama una dhahabu, na vipimo vyenyewe vilikuwa vikali kiasi kwamba vumbi lililosuguliwa kutoka kwenye pete lingetosha kuutajirisha mlima usio na kitu. Mlinzi mmoja mwenye jino la dhahabu alikatazwa hata kuchungulia dirishani. Walimtania kwamba siku akicheka, kampuni itachimba shimo.

Aliyeijua amri hiyo kuliko wote ni mwanamke waliyemwita Chekeche. Miaka kumi na miwili alisugua udongo kwenye chekeche kwa mkono mtupu mpaka vumbi laini lishuke, kokoto zibaki, kisha akalitia vumbi hilo kwenye mfuko wa sampuli na kuandika namba. Hakuwahi kukosea namba hata moja. Na amri haikumsumbua, maana dhahabu yenyewe hakuwa nayo.

Kisha akamwombea kazi mdogo wake wa kike. Haukupita mwaka, dereva wa lori akaja nyumbani kwao kuposa. Dereva huyo ndiye aliyekuwa akimpa Chekeche kiti cha mbele kila asubuhi na kumjazia chupa yake maji. Chekeche alipoitwa sebuleni alijipaka mafuta kwanza. Kumbe aliyeposwa ni mdogo wake. Kweli, dereva hakuwahi kumwahidi kitu, lakini nani anadai ahadi wakati kiti cha mbele anakikalia yeye?

Baada ya harusi, mdogo mtu akawa anavua pete kila asubuhi kabla ya kupanda mlimani kuchimba udongo.

"Dada, nitunzie. Sina mwingine wa kumwamini."

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Chekeche kilikaa mfuko wa kulia wa koti la kazi. Siku ya kwanza aliivaa kidogo tu, aone. Siku ya pili akaisahau kidoleni hadi saa ya chai, akaitoa kwa sabuni. Ulipofika udongo wa mstari wa saba wa mashimo ya mlimani, aliivaa wiki nzima, akasugua nayo. Amri aliikumbuka sana. Ila siku hizo aliona iliandikwa kwa ajili ya wenye bahati.

Majibu ya maabara yakaja: mstari wa saba una dhahabu, mfuko baada ya mfuko! Mjiolojia wao, waliyemwita Bwana Lenzi kwa sababu ya kioo alichoning'iniza shingoni, nusura acheze ngoma. Na alimsifu nani? Mdogo mtu, aliyeuchimba mstari huo.

"Una mkono wa baraka wewe!"

Dereva akatabasamu kama vile mkono ni wake. Chekeche akainamia udongo, roho inamuuma. Hata dhahabu ya uongo aliyoileta yeye, sifa zimekwenda kule kule.

Kabla ya kuleta mashine ya kuchoronga miamba, Bwana Lenzi alichimba upya mashimo yale yale na kuuchekecha udongo mwenyewe. Safari hii maabara ilijibu: udongo mtupu. Aliingia bandani na karatasi mbili mkononi, uso umemkauka.

"Nani hapa ana dhahabu?"

Wote wakamgeukia bibi harusi, aliyekuwa ameshuka na mifuko ya udongo.

"Kama uliivaa kazini, kesho usije," Bwana Lenzi alisema.

"Bosi, naivua kila siku. Namwachia dada. Dada, si uwaambie?"

Chekeche akanyamaza. Utamu wa kunyamaza kule, Mungu amsamehe, aliusikia hadi kooni. Mdogo angerudi nyumbani, na kiti cha mbele kingekuwa wazi tena.

Mdogo mtu akamtazama usoni, kisha mkononi, kwenye kidole chenye kovu la mviringo. Halafu akamgeukia Bwana Lenzi.

"Labda kuna siku nilisahau," alisema polepole. "Nisamehe, bosi. Ni mimi."

Hapo ndipo wivu ulipompanda Chekeche kuliko siku zote. Ameolewa yeye, amesifiwa yeye, na sasa hata wema auchukue yeye? Kila kitu yeye!

"Mwongo huyo!" alifoka. "Niliivaa mimi! Mstari mzima wa saba, mimi!"

Mlangoni dereva alikuwa amesimama na funguo mkononi.

"Chekeche," Bwana Lenzi aliuliza, "miaka kumi na miwili... kwa nini?"

Chekeche alivua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaweka pete juu yake. Mdogo wake aliichukua lakini hakuivaa.

"Ilikukaaje, dada?"

Chekeche alikitazama kidole chake.

"Ilinibana," alisema.