Wiki Mbili na Karavani la Jirani

Walisema sitaweza. Nilipomaliza stashahada yangu ya ufundi wa magari kule Arusha, nikatangaza kwamba narudi Sydney nilikokulia, mjomba wangu alicheka mpaka akakohoa. Alisema karatasi ya Arusha, nikifika nayo Australia, itanifaa kufungia karanga. Nilipofika, jamaa zetu wa Blacktown, mtaa wa pembezoni mwa Sydney, nao wakanishauri nitafute kazi ya kutunza wazee kama watu wengine, maana hakuna Mzungu atakayemkabidhi Mswahili nyumba yake ya magurudumu aifungue na kuifunga. Leo nina uwanja wangu Lidcombe, karibu na reli. Natengeneza makaravani, hizo nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari, nauza na kukodisha, na wateja wanapanga foleni. Stashahada nimeitundika ukutani ndani ya fremu ya dhahabu, mkabala na mlango, na kila anayeingia lazima aione kabla hajaniona mimi.

Juzi mzee mmoja na mkewe waliniletea karavani kuukuu wanalotaka nilifufue. Nilipofungua mlango, harufu ikanipiga usoni: sponji la viti lililonyonya unyevu, gesi kidogo, na mapazia yaliyokaa juani miaka. Nikaketi pale pale kwenye ngazi. Mteja akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nimerudi tu kuwa na miaka kumi.

Wakati ule tulikuwa Blacktown, baba, mama, mimi na wadogo zangu wawili wa kike. Baba alikuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee kwenye makao yao, mama akifanya usafi maofisini. Tulikuwa bado wageni, na kwetu likizo ilikuwa neno la shuleni tu. Mtu mzima akipata nafasi alilala.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kizungu, mjane, mwenye karavani lililofunikwa turubai uani kwake. Katika ujana wake, yeye na mkewe waliwahi kuvuta karavani Ulaya nzima, watoto watatu nyuma wakigombana kutoka Ureno hadi Austria. Stika za nchi walizopita alikuja nazo Australia akazibandika kwenye dirisha la karavani hili, na mimi jiografia ya Ulaya niliijua kutoka pale kabla mwalimu hajaanza kufundisha. Mkewe alipofariki alilifunika karavani, na watoto wake walikuwa wamehamia Perth, mbali kama nchi nyingine. Siku moja akamwambia baba juu ya uzio kwamba familia ikikaa wiki mbili ndani ya sanduku lile hutoka inajuana. Alituambia tulichukue.

Baba aliona ni jambo dogo. Mama aliona ni jambo kubwa sana, kwa sababu karavani lilihitaji gari la kulivuta, na watu watano walihitaji vyombo, na vyote vilikuwa vya kuazima. Gari kubwa lenye ndoano nyuma lilitoka kwa Mkenya aliyefanya kazi na baba. Alisema, "Beba tu hii gari, buda. Lakini ukiigonga, hatusalimiani tena." Hotpoti tatu zilitoka kwa mke wa shehe kule Auburn. Sufuria kubwa na mabeseni vilitoka kwa mama wa Kirundi wa nyumba ya pembeni, ambaye alikulia katika kambi za wakimbizi kwetu Tanzania kabla ya kuletwa Sydney. Alipomsikia baba akisema tunakwenda kambi ya karavani alishika kiuno.

"Mimi kambini nililia nitoke," alisema. "Ninyi mnalia muingie?"

Watu walicheka wiki nzima. Wengine walisema tutarudi kabla ya jua kuzama, karavani likiwa mtaroni. Mama hakujali hayo. Yeye alikuwa na lake moja. Kwetu Tanga, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukipewa bakuli lina mchuzi, utalirudisha lina hata vitunguu viwili. Na wale waliotuazima walikuwa ndio watu pekee tuliokuwa nao katika mji ule wote. Hao ndio wangekuja tukiugua, hao ndio wangekuja tukifiwa. Akirudisha vyombo vyao vikilia kwa utupu, alimwambia baba, atakuwa ameanza maisha hapa kama mtu asiyefundishwa kwao. Baba akamtuliza: tunakwenda baharini, tutavua samaki, tutajaza mpaka mabeseni.

Safari yenyewe naikumbuka kwa sauti. Vijiko vikigonga kabatini kila kona, mama akimwambia baba polepole, malori yakitupita na kulitikisa karavani kama jani. Nilipewa kazi ya kiume: tukifika, mimi ndiye niliyezungusha mkono wa chuma kushusha miguu ya karavani mpaka likasimama sawa. Baba aliweka bilauri ya maji mezani kupima. Maji hayakuinama. Kusema kweli, ufundi wangu ulianzia pale. Arusha walikuja kuupiga muhuri tu.

Kambi ilikuwa kaskazini, kwenye nyasi zilizoshuka hadi mchangani. Miti ya mikalitusi ilinukia kama dawa ya kifua, na alfajiri ndege wale wa huku wanaocheka kama binadamu walituamsha kwa kicheko. Wadogo zangu walidhani tunachekwa sisi.

Jioni ya kwanza mama alifanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya akihamia mtaani. Alibandika sufuria ya mama wa Kirundi, akakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawia iliyokolea, akamimina bizari, iliki na mdalasini, na kambi nzima ikainua pua kunusa. Kisha akapakua pilau sahani kwa sahani, akanituma nipeleke kwa kila karavani na kila hema. Nilitembea pekupeku kwenye nyasi zenye unyevu, sahani juu ya kiganja kama mhudumu wa hoteli kubwa. Wazungu walishangaa. Mmoja aliniuliza ni sherehe gani. Nikamwambia sherehe ni kwamba tumefika.

Asubuhi tukakuta sahani zote kwenye ngazi yetu, zimeoshwa zinang'aa, zimepangwa moja juu ya nyingine. Tupu.

Mama akaziingiza ndani, akaanza kuziosha upya ingawa zilikuwa safi. Baba alimweleza kwamba hiyo ndiyo adabu yao, kwamba kuosha sahani ya mtu ni shukrani. Wadogo zangu nao wakamwambia kwa Kiingereza chao kwamba watu walisema chakula kitamu sana. Mama akasema amesikia. Lakini siku ile hakutoka nje, na mvua ikaanza.

Mvua hiyo haikuwa na haya. Ilinyesha siku baada ya siku, ikipiga bati la karavani mpaka tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti. Baba alishika ndoana kwenye miamba, akarudi na mafua. Samaki hata mmoja hatukumwona. Mama alikuwa akizitazama hotpoti za mke wa shehe kwenye rafu kama mtu anayetazama saa. Nilimsikia akimwambia baba kwamba hawezi kurudi Blacktown hivi, afadhali vyombo vyenyewe vingeibwa, angalau angekuwa na la kusema.

Ndipo nilipoingia mimi.

Katika karavani la pili kutoka letu alikaa bibi mmoja mwenye mbwa na redio. Aliniita kibarazani kwake nikipita na dumu la maji, akaniuliza kama mama yangu ni mgonjwa, maana hajamwona tangu siku ya wali. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyewasimamia wenzake waoshe sahani vizuri. Nikamweleza. Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba kwetu sahani ikirudi tupu ni kama mtu amekuambia usimletee tena, na kwamba mama anadhani kambi nzima imemkataa. Yule bibi alizima redio. Akaniuliza sahani huwa inarudi na nini. Nikamwambia chochote, hata ndimu moja.

Kesho yake asubuhi, mvua ikiwa imepumua kidogo, kulikuwa na foleni mlangoni kwetu. Bibi wa redio alileta chupa ya jamu. Kijana wa hema la bluu alileta ndoo yenye samaki watatu. Mwingine mayai kwenye kikapu, mwingine karanga zao ngumu za huku ambazo huvunjwa kwa nyundo. Mama alipokea kimoja kimoja, akitabasamu kwa midomo tu. Mlango ulipofungwa akanigeukia.

"Umekwenda kuniombea kwa watu?"

"Sikuomba, mama. Niliwafundisha."

"Nani amekutuma kufundisha watu wazima?"

Baba aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi nilisimama wima. Mama alitaka kusema zaidi, lakini macho yake yakaenda kwenye ile ndoo ya samaki, na chupa, na kikapu, nami nikaona jambo jipya linamjia usoni. Vile vilikuwa vyombo vya watu. Na sasa viko kwetu.

Mchana ule alikanda unga. Ndoo ilirudi kwa kijana wa hema la bluu ikiwa na maandazi ya moto yaliyofunikwa kitambaa. Kikapu kikarudi na chapati. Chupa ya jamu, tulipoimaliza, ilirudi na achari ya ndimu. Na Wazungu, kwa vile walikuwa wamekwisha fundishwa, hawakuthubutu kurudisha kitambaa kitupu. Kitambaa kilikuja na sahani ya malimau, sahani ikaenda na bajia, ikarudi na boga. Wadogo zangu na mimi tulikuwa tukikimbia kutoka mlango hadi mlango tangu asubuhi mpaka giza, nyasi zikawa na njia yetu. Watu ambao walikuwa wamekuja kambi ile miaka mingi bila kusalimiana wakaanza kupelekeana supu wao kwa wao. Mtu alioka keki, akanitafuta mimi kuniuliza aipeleke kwa nani kwanza. Baba alisema mama ameanzisha kitu kisicho na breki.

Siku moja kabla hatujaondoka, bibi wa redio alikuja na sahani yake yenye maua ya bluu, ina tini mbivu. Akaniomba nimuulize mama, kwa heshima, mchezo huu huwa unaishaje. Nilitafsiri. Mama akacheka, kicheko kikubwa chenye machozi, cha kwanza nilichokisikia kutoka kwake tangu tufike Australia.

"Mwambie hauishi," alisema. "Mtu akihama, kila mmoja hubaki na sahani ya mwenzake."

Ndiyo maana bibi yule alibaki na sahani yetu moja, na sisi tulirudi Sydney na ile yake ya maua ya bluu.

Kambi ile siku hizi haipo. Nilipita mwaka jana nikakuta nyumba za kupangisha zenye vioo vya kiza na geti la namba, na ile miti ya mikalitusi imebaki miwili. Makaravani ninayotengeneza sasa yana televisheni na mashine ya kuosha vyombo, na watu huegesha huku wamefunga madirisha. Hata jirani yetu ameshatangulia, na ua wake umejengwa ghorofa. Lakini mimi si mtu wa kulia. Kila karavani ninalokodisha naliwekea sufuria moja kubwa kupita kiasi. Wateja huuliza ni ya nini kwa watu wanne. Nawaambia watajua wakifika. Wengi hurudi wakiniletea kitu ndani yake, na hakuna aliyewaagiza.

Basi, tulirudi Blacktown Ijumaa, na Jumamosi mama akatutoa alfajiri kurudisha vyombo. Hotpoti za mke wa shehe zilikwenda na achari, malimau na zile karanga ngumu. Mke wa shehe alifungua kifuniko, akamkumbatia mama mlangoni na hakumwachia mpaka tukaingia ndani kunywa chai. Gari la Mkenya lilirudi limeoshwa, na maboga yamejaa kiti cha nyuma; Mkenya alilizunguka lote akitafuta mkwaruzo, alipoukosa akauliza sasa atampikia nani maboga yote haya. Mama wa Kirundi alipokea sufuria yake ikiwa na samaki waliokaangwa na tini juu, akanusa, akasema kambi za siku hizi zimebadilika. Mama alitembea mtaa ule kichwa juu, akisalimia hata watu asiowajua.

Likabaki karavani. Baba alikwishalirudisha uani kwa jirani, mimi nimeshusha miguu, maji ya bilauri hayakuinama. Baba akataka kupeleka funguo. Mama akamzuia. Alituingiza sote ndani, akakunjua meza, akatandika kitambaa, akapakua pilau. Kisha akanituma nimwite mwenye karavani aje aangalie mali yake.

Jirani alikuja na ndara zake, akidhani pengine tumevunja kitu. Akafungua mlango. Wadogo zangu walikuwa wamebanana upande mmoja, baba amekunja magoti, mvuke wa wali umefunika kioo chenye stika za Ulaya, na chini ya dirisha lile tumeacha nafasi ya mtu mmoja.

"Mwambie chombo chake nimekirudisha," mama aliniambia. "Nimeona kisirudi kitupu, ndiyo maana tumo."

Nilimwambia. Akavua kofia pale kwenye ngazi, akaingia, akamwambia mdogo wangu asogee kidogo.