Shangazi Hajaanguka

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ubishi wake haukatiki hata kwa mkasi. Ana miaka themanini na ushee, anaishi peke yake nyumba ya pili kutoka kwangu, na bado watu wanamletea suruali za kupunguza. Mwanawe alishatoa amri: mama akianguka hata mara moja, anakuja kumchukua akakae kwake ghorofani, ambako hakuna nafasi ya cherehani. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati alipokuja kupima kama yumo katika hatari ya kuanguka, shangazi alimpokea kama mtoza kodi.

"Mama, mwaka huu umewahi kuanguka?"

"Sijaanguka."

Akamwomba ainuke kitini bila kujishika. Shangazi akainuka, mkono mmoja umeng'ang'ania meza ya cherehani. "Naiweka sawa tu hii meza," akasema. Akaambiwa atembee hadi mlangoni, ageuke, arudi. Alipogeuka akapepesuka, kidole kikanasa kwenye zulia, nikamdaka. Nilikuwa nimeshachemka. Fundi mzima wa kupunguza nguo za watu, gauni lake linafagia sakafu!

Muuguzi hakununa. Alimtazama kidogo, akauliza, "Na kuteleza je?"

"Ah, kuteleza!" Uso ukamchangamka. "Hiyo ni kila wiki. Nateleza bafuni, najikwaa kwenye hilo zulia, juzi nimekaa chini bila kupanga. Lakini kuteleza si kuanguka, mwanangu. Waliosema hivyo hawakuwa wajinga."

Tulicheka mpaka muuguzi akashika mbavu. Shangazi ndiye aliyenyamaza wa kwanza. "Basi ndiyo mnanihamisha?"

"Tunahamisha zulia, mama. Bafuni tafuteni fundi afunge vyuma vya kushikia. Macho yakapimwe. Na gauni hilo utalipunguza mwenyewe."

Alipoondoka, nikalikunja zulia kwa hasira. Nampenda sana huyu mwanamke, na hasira yenyewe ilitoka humo. Nikamuuliza huko kukaa chini juzi kulikuwaje. Akasema, huku anatunga uzi kwenye sindano, kwamba alilala sakafuni bafuni tangu asubuhi hadi jua la utosi, ndipo akaweza kujikokota.

"Nami niko hapo jirani, shangazi! Simu hukuwa nayo?"

"Ilikuwa mkononi," akasema. "Ningekupigia, nawe ungempigia mwanangu."