Nadhiri ya Mmarekani

Nilimjua mrushaji mpira bora wa Marekani kabla sijaijua njia ya kwenda Sib, mji wa jirani tu na Maskat. Msicheke.

Tulikimbia Unguja baada ya mapinduzi, tukaingia Maskat na binti yetu mdogo, jicho moja limeshafanya ukungu. Daktari wa Matrah alituambia wazi: apelekwe Beirut akapasuliwe, upesi, kabla la pili halijafuata. Beirut! Sie tuliokuwa tunashindia wali na papa mkavu. Mume wangu alikuwa mpishi wa Mmarekani mmoja wa mafuta.

Mmarekani yule kila alfajiri alikuwa kwenye redio. Kwao kuna mchezo, mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo. Timu ikishinda, ushindi anaandikiwa mrushaji, na mwisho wa msimu hutazamwa nani anao mwingi. Yeye alikuwa na mrushaji wake mmoja, hakosi kumfuatilia. Miye sikuhitaji mwalimu. Nimecheza nage mtaani kwetu, na nikikurushia mimi, hutoki mzima.

Siku moja akamkuta mume wangu anafuta machozi juu ya kitunguu ambacho hajakikata. Akamuuliza, akaambiwa. Akaweka mkono juu ya redio: "Mtu wangu akimaliza msimu kawapita warushaji wote, Mungu shahidi, mwanao nampeleka Beirut."

Mume wangu alikuja nyumbani mbio. "Kaweka nadhiri."

"Kamtaja Mungu?"

"Kamtaja."

Basi. Kwetu mtu akiweka nadhiri amefungwa, hata awe mlevi. Akipata alichokitaka, hutimiza. Sikuuliza zaidi.

Tangu hapo kila baada ya sala nikimwombea mtu nisiyemjua hata sura. Mume wangu akirudi namdaka mlangoni.

"Karusha?"

"Karusha, kashinda."

"Na yule anayemfukuzia?"

"Kapigwa vibaya."

"Alhamdulillahi!"

Mama mkwe akiguna pembeni: "Mwanangu, Mungu ana viumbe vyote vya kuviangalia, weye unampelekea mpira wa makafiri?"

"Mama, anayecheza ni mjukuu wako."

Msimu ukaisha. Mtu wetu akawapita wote. Nikampaka binti yangu hina, nikamvisha gauni jipya, nikakaanga maandazi, tukaenda sote kwa Mmarekani. Akatoka anacheka, akala andazi. Mume wangu akamkumbusha kwa Kiingereza chake cha jikoni. Yule bwana akafikiri, akafikiri. Nikamtazama usoni. Angekuwa mwongo ningemtukana, nikapata nafuu. Hakuwa mwongo. Alikuwa hakumbuki.

Akasema yale yalikuwa maneno tu, ya kumtia moyo mpishi wake. Mkataba wake umekwisha, kesho kutwa anaondoka. Akaingia ndani, akatoka na mpira, akamtia binti yangu mkononi.

Tukarudi kwa miguu. Mume wangu mbele, miye nyuma nimemshika binti mkono. Binti alikuwa akiupapasa ule uzi ulioshonewa mpira. Jicho la pili lilikuwa limeshaanza.

"Mama, rangi gani?"

"Mweupe."

"Ntauona kesho, jua likiwaka sana."

"Utauona."

Leo wajukuu zangu ni madaktari, wana majumba Bawshar, nnawaringia, nani atanizuia? Wananiambia, "Bibi, jicho kama lile siku hizi ni kazi ya asubuhi moja." Wanayasema mbele ya shangazi yao, binti yangu yule. Yeye hugeuza uso tu, kuelekea sauti inakotoka.